Shahidi wa Nyumba Nyingine

Tulimzika Eliya mwezi uliopita kwao Sekenke, juu kule ukingoni ambako upepo haujui adabu hata mazishini. Baba yake mkubwa, Mzee Yona, alisimama na karatasi akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akasoma hadi kidato cha nne, akaenda chuo cha ufundi, akachimba dhahabu, akaugua kifua, Bwana akamchukua. Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama wengine, nimejitanda kanga, nikawa nangoja. Kati ya chuo na kuchimba kulikuwa na mwaka mmoja, na Mzee Yona aliuruka kama mtu anavyoruka dimbwi la maji machafu. Mama mmoja pembeni yangu aliniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja. "Duarani?" akauliza. Nikasema hapana, ni Singida mjini, tulitengeneza mchezo wa kompyuta. Alinitazama kwa huruma, akaona msiba umenichanganya, akaniletea maji ya kunywa. Nayaandika haya kwa hasira, sitaki kumdanganya mtu. Huzuni ninayo, lakini huzuni peke yake isingenitoa kitandani kuja kukaa mezani.

Mwaka ule alioruka Mzee Yona nilikuwa sijafika miaka thelathini, nina steshenari yangu mjini: chumba cha mbele cha kutolea kopi na kuchapa barua za watu, na chumba cha nyuma ambacho kilikuwa stoo, jiko na ofisi kwa pamoja. Tulitenganishwa kwa ukuta mmoja na mashine ya kukamua alizeti. Mashine ile ikiwaka, taa zangu zinafifia na kompyuta zinalia. Ikizimwa, masikio yanabaki yakivuma. Vumbi la mashudu lilipita chini ya mlango likakaa juu ya kila kitu, kwenye karatasi, kwenye sufuria, katikati ya vitufe vya kompyuta, na chumba kizima kilinuka mafuta mabichi. Mabango ya maduka nilikuwa nachora mwenyewe, kwa brashi, na nilijivuna kwamba nusu ya vibanda vya vinyozi Singida vilikuwa na vichwa nilivyochora mimi. Eliya alikuja mara ya kwanza kukuza picha ya kaka yake Manase kwa ajili ya kuiweka msalabani, kaburini. Kompyuta ikagoma. Akaniomba asogee, akaifungua, akapuliza mashudu, akagusa hapa na pale, ikawaka. Picha ikatoka. Aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama nina kazi. Sikuwa nayo, lakini nikamwambia abaki.

Alikuwa mtu wa kukaa kimya, na mimi kimya kinanichosha, kwa hiyo nilikuwa nazungumza kwa ajili yetu wote wawili. Mchana tulikula chumba cha nyuma, ugali wa uwele na mlenda, sahani juu ya katoni la karatasi. Siku moja, akiwa ameshika tonge bila kulipeleka mdomoni, akanieleza. Katika duara lao, shimo la kuchimbia dhahabu, mtu mmoja anashuka na mwingine anabaki juu ameshika kamba. Sauti haifiki, kwa hiyo aliyeko chini anasema kwa kamba. Akivuta mara moja, acha. Mara mbili, vuta kiroba cha mawe. Mara tatu, nitoe mimi. Na mshika kamba ana sheria moja iliyo kubwa kuliko zote: havuti kabla hajaambiwa, kwa sababu huenda mwenzake amejifunga kiunoni na yuko amebanwa katikati ya mwamba, na ukimvuta kwa kushtukiza unamvunja mgongo. Siku aliyokufa Manase walikuwa wamelipua baruti asubuhi. Mwenye duara alikuwa na haraka, Manase akashuka kabla moshi haujaisha. Eliya alikuwa juu. Msaidizi wao alikuwa ameenda kula. Kamba ikanyamaza, naye akangoja kama sheria inavyosema, na yule msaidizi aliporudi ndiye aliyesema kimya hiki kimezidi. Walimtoa Manase hana hata mchubuko. Hewa ya baruti ndiyo iliyomuua.

"Kwenye kikao cha ukoo wakaniuliza, kamba ilisema?" Eliya akaniambia. "Nikasema haikusema. Wakaniuliza, shahidi wako nani?"

Hakuwa naye. Kwao Wanyiramba, na hata kwetu sisi Wanyaturu, mtu hajishuhudii, wala ndugu hamshuhudii ndugu. Lazima asimame mtu wa nyumba nyingine, asiye na cha kupata wala cha kupoteza, aseme mambo yalikuwa hivi. Tayari watu walikuwa wanasema Eliya alisinzia. Wengine walisema kamba ilivutwa, yeye akiwa anachezea simu. Mzee Yona akafunga kikao kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naichukia methali ile. Imewaozesha watu wengi wazuri, na kila mwenye uvivu wa kutafuta ukweli anaitumia kama kufuli. Tangu siku hiyo mama yao hakumsemesha Eliya tena. Hakumfukuza, hakumtukana. Alimpitishia maneno kwa watu wengine huku mwenyewe amesimama palepale: mwambieni Eliya afunge mbuzi, mwambieni Eliya chakula kiko tayari. Ndiyo maana alikuja mjini. Mtu anaweza kuvumilia matusi, lakini kusemwa mbele yako kama vile hupo kunakula ndani.

Mchezo ulitokana na hapo. Alikuwa na kompyuta ya mapajani iliyofungwa kwa gundi ya karatasi, na chuoni alikuwa amejifunza kuandika programu, mengine akajifunza mwenyewe kwa mtandao wangu wa kukatikakatika. Aliniomba nichore mdomo wa duara, gogo la kuzungushia kamba, kilima, anga. Mengine yote yalikuwa giza. Mchezaji anashika simu, na simu ndiyo kamba. Inatetemeka mkononi mara moja, mara mbili, mara tatu, naye anafanya alichoambiwa. Siku zinapita, mawe yanapanda, watu wanataniana juu ya duara. Siku ya mwisho kamba haisemi kitu. Mchezaji akivuta kabla hajaambiwa, amevunja sheria, ameshindwa. Akingoja, anangoja, mpaka watu waje wamtoe mwenzake akiwa maiti. Hakuna njia ya tatu. Tuliuita Mshika Kamba. Mara ya kwanza nilipoucheza mpaka mwisho nilitoka nje nikasimama juani, nikatazama watu wakipakia magunia ya alizeti, nikashukuru kwa kelele zao.

Nilimwuliza kwa nini asiuweke tu mtandaoni watu wauchukue. Kuna vijana walikuwa wanafanya hivyo.

"Nikiuweka mimi, dada Zai, ni maneno yangu," akasema. "Kila mtu ana maneno yake. Lakini kampuni ya mbali ikiuchukua, ikaucheza, ikaweka jina lake juu, si mimi tena ninayesema. Ni mtu wa nyumba nyingine."

Nilitaka kucheka. Kisha nikamwona uso wake, nikaelewa kwamba kijana huyu hatafuti mchapishaji kama wenzake wanavyotafuta, apate jina na gari. Alikuwa anatafuta shahidi wa kwenda naye kwa mama yake. Kuanzia hapo na mimi nikalitaka jambo lile kwa roho yangu yote, na pengine hilo ndilo lililofanya mwaka ule uniume mpaka leo.

Kutafuta mchapishaji wa mchezo ukiwa Singida, miaka ile, ilikuwa sawa na kutafuta fundi wa meli. Kila tuliyemwuliza alielewa lake. Mchungaji wa mtaa alitupeleka kwa mtu anayechapa kalenda. Ofisa mmoja aliyekuwa anakuja kutoa kopi kwangu alisema michezo inapoteza vijana, twende tukalime alizeti, na alisema hivyo akiwa amesimama kwenye mashudu mpaka kifundo cha mguu. Basi tukageukia nje. Tulikaa chumba cha nyuma tukitafuta majina ya kampuni za Nairobi, za Afrika Kusini, za Ulaya. Eliya anaandika Kiingereza chake kilichonyooka kama mstari wa rula, mimi nasoma kwa sauti kuona kama kinasikika. Kutuma faili lenyewe lilikuwa zoezi. Tulingoja mashine ya alizeti izimwe, tukabonyeza, tukakaa bila kugusa kitu kama watu walioweka mtoto usingizini.

Majibu yakaanza kuja. Wengi hawakujibu, na hao sina neno nao. Waliojibu walisema karibu kitu kilekile: picha nzuri, sauti nzuri, lakini hakuna kinachotokea. Mmoja alisema hajui anatakiwa kufanya nini. Mwingine alisema mchezo una kasoro, kila mara unaishia kushindwa hata siku ya kwanza. Eliya alisoma yale maneno, hakuna kinachotokea, akayasoma tena, akafunga kompyuta. Nilimwona akianza kupungua mwili. Alikuwa anaacha chakula nusu, na mimi niliyefundishwa kwamba chakula hakitupwi nilikuwa nakimalizia kwa hasira.

Siri ya jambo lile ilifunguliwa na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyekuja kuchapa ripoti yake. Alikuwa anangoja, amechoka, nikampa simu acheze. Baada ya muda akanirudishia kwa adabu kabisa. "Dada," akasema, "simu yako ina hitilafu. Inatetemekatetemeka yenyewe." Nikabaki nimeishika. Miezi yote ile tulikuwa tumetuma mchezo wetu duniani bila neno hata moja la kueleza kamba inasemaje. Mimi nilielezwa siku ile ya ugali na mlenda, nikasahau kwamba nilielezwa. Eliya yeye hakuwahi kuelezwa. Kwao duarani hakuna anayemkalisha mgeni chini amfundishe. Unasimama pembeni ya mshika kamba mpaka mkono wako uelewe, na mtoto wa Sekenke anaelewa kabla hajajua kusoma. Nilipomwambia, alikataa katakata.

"Nani asiyejua kamba?"

"Eliya, Mzungu aliye Ulaya ameijulia wapi?"

"Si hata Ulaya wanachimba?"

"Wanashuka kwa lifti!"

Akacheka, na kile kicheko ndicho pekee ninachokumbuka cha mwaka mzima. Akaongeza sehemu ya mwanzo ambamo mzee mmoja anakaa na mchezaji na kumfundisha. Nikamchora yule mzee na kofia ya sufi. Nilichora kwa furaha ya mtu aliyepata dawa ya ugonjwa.

Tukatuma tena. Safari hii kampuni moja ndogo ya Dar es Salaam ikajibu, tena haraka. Mwenye kampuni, Bwana Rajabu, alisema anasafiri kwa gari kwenda Mwanza kwenye harusi, atasimama Shelui, karibu na kwao Eliya, tukutane. Tulifika mapema, tukakaa kwenye mgahawa wa barabarani ambako malori yanapanga mstari na moshi wa kuku wa kuchoma unaingia mpaka kwenye nguo za ndani. Nilitaraji mtu wa majivuno. Akashuka mwanaume mpole, mnene kidogo, anayesalimia kila mtu, akaagiza kuku mzima na ugali, akatunawisha maji kwa mkono wake mwenyewe ingawa ndiye mgeni. Nilimpenda papo hapo, na ndiyo maana naona vibaya kusimulia yaliyofuata.

"Nimeucheza mpaka mwisho," akasema. "Mke wangu naye. Alilia."

"Asante, kaka," Eliya akasema, akainamia sahani.

"Nautaka. Nasema kweli, nautaka. Ila ule mwisho."

"Umefanyaje?"

"Hauna mlango. Mtu akivuta, kashindwa. Akingoja, kashindwa. Mchezaji atatutukana. Mpe nafasi moja tu, mdogo wangu. Siku ile ya mwisho weka mvuto mmoja hafifu, hafifu sana, ambao mtu makini atausikia. Akiusikia, jamaa anatoka mzima. Asipousikia, ndiyo hivyo tena. Hapo watu watarudi kujaribu, na wataambiana."

Hakujua. Hatukuwa tumemwambia kwamba Manase alikuwa mtu, na picha yake nimeikuza mimi. Nilifungua mdomo nimwambie, Eliya akanikanyaga mguu chini ya meza. Bwana Rajabu alikuwa anaomba, kwa nia njema na mafuta ya kuku vidoleni, kwamba kampuni yake isimame kama mtu wa nyumba nyingine na kuutangazia ulimwengu: kamba ilisema, na mshika kamba angekuwa makini angesikia.

Niliomba njia nikaenda nyuma kunawa. Wanawake wawili wa jikoni walikuwa wananyonyoa kuku, wakiongea Kinyiramba. Nakisikia kwa mbali, lakini jina la mtu halihitaji kutafsiriwa. Mmoja alimwambia mwenzake yule kijana mwembamba pale mezani ndiye Eliya, aliyemwacha ndugu yake chini. Mwenzake akasema wanavyosema, ndugu yake alikuwa ameona jiwe zuri, huyu akalitaka peke yake. Walisema bila chuki yoyote, kama wanavyozungumza juu ya bei ya vitunguu, mikono ikiendelea na manyoya. Sikuwajibu. Mpaka leo najiuliza ningewajibu nini, mimi ambaye sikuwepo. Niliporudi mezani Eliya alikuwa anamwambia Bwana Rajabu kwamba atajaribu.

Tuligombana njia nzima ya kurudi na siku zilizofuata. Nilimwambia anajichongea jeneza. Nilimwambia heri mchezo ufe kuliko utoke hivyo. Akasema mwaka unaisha na hakuna mwingine aliyejibu. Akasema huenda watu wakiucheza hivyo wataona angalau jinsi mvuto ulivyo mdogo, watamhurumia. "Huruma!" nikamwambia. "Ulikuja kutafuta huruma?" Njaa ya kusikilizwa ni njaa kama nyingine, na mwenye njaa hachagui.

Ilikuwa alasiri, umeme umekatika, mashine ya jirani imenyamaza, na katika kimya kile nilisikia vitufe vya kompyuta yake tu. Mivuto mingine yote ya mchezo ule ilikuwa imemtesa. Ule wa kiroba alikuwa ameufuta na kuuandika tena na tena, mara anasema ni mzito, mara anasema hauna mwili ndani yake. Huu hafifu aliuandika mara moja, bila kusita, akanipa simu. Nilikaa nimeishika. Ikaja. Mguso mdogo, kama punje imeangukia kiganjani, kisha pumzi moja, kisha kitu kama kukwaruza, nusu ya mvuto, kikakatika.

"Hii umeitoa wapi?" nikamwuliza.

"Kamba ikigusa mwamba inafanya hivyo," akasema. "Upepo ukiipiga huku juu inafanya hivyo. Inafanya hivyo kutwa nzima, dada. Mtu hawezi kuvuta kila kamba inapogusa mwamba."

"Siku ile ilifanya?"

Alitazama ukuta. Nimesikia watu wengi wakidanganya katika maisha yangu, nina masikio ya kujua, na huyu hakuwa anadanganya. "Nimeisikia kila siku tangu siku ile," akasema. "Kwenye mkono huu. Sasa sijui kama niliisikia palepale, au nimeisikia baadaye kwa kuiwaza. Sijui, dada Zai. Naapa kwa Mungu sijui."

Nikamwekea mkono begani, kitu ambacho hatukuwa tumezoea kufanya. Nilikuwa naogopa. Mpaka pale nilikuwa nimeamini kwamba ukweli upo mahali fulani, umekaa, na kazi yetu ni kumpata mtu wa kuubeba. Kumbe mwenye ukweli wenyewe hakuwa nao. Aliifuta ile kazi ya alasiri mbele yangu, akamwandikia Bwana Rajabu kwamba anashukuru lakini hawezi. Bwana Rajabu akajibu kwa upole kwamba anasikitika, mlango uko wazi. Hakuna mlango uliokuwa wazi. Sisi wenyewe hatukuurudia.

Wiki za kwanza za mvua nilifunga steshenari, nikamwambia Eliya twende kwao. Kampuni zote za dunia zimekataa kuwa nyumba nyingine, basi nitakwenda mimi. Sikuona kilichotokea, siwezi kusema nimeona, lakini naweza kumpelekea mama yake kamba aishike mwenyewe. Alikataa, kisha akakubali kama mtu anayekubali sindano. Tulimkuta mama yake, Mama Manase, barazani kwake anapepeta uwele. Mzee Yona alikuwa amekaa kwenye kigoda akipumzika. Nikatoa shikamoo zangu, nikaulizwa habari za Singida, nikajibu zote mpaka za mifugo nisiyokuwa nayo. Eliya alisimama nyuma yangu. Mama akaniambia, "Mwambie Eliya akae, mvua inakuja."

Nilieleza nilivyoweza. Nilitegemea atashangaa, au atacheka, au atasema mambo ya watoto. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwa kanga, akauliza, "Nashika wapi?" Nilitaka kumwanzishia ile sehemu ya mzee wa kofia ya sufi, Eliya akatikisa kichwa. Mama huyu alikuwa amevunja mawe kwenye maduara yale tangu usichana wake. Alishika simu kwa mikono miwili, akafumba macho. Hakukosea hata mara moja. Ikisema acha, anaacha. Ikisema kiroba, anavuta kiroba, kwa kidole gumba kilichopinda, taratibu, kama anavuta mzigo wa kweli. Siku zikapita. Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati. Siku ya mwisho ikafika, Manase wa kuchorwa akashuka, na simu ikatulia.

Akangoja. Angengoja kidogo tu zaidi wangekuja wale watu. Akavuta.

Simu ikaandika, kwa herufi nilizozichora mimi: Umevuta kabla hujaambiwa.

"Mama, hajaomba," Eliya akasema kwa sauti ya chini.

Mama hakufumbua macho. Akaniambia nirudishe mwanzo. Akazipita tena siku zote, kwa uvumilivu uleule, akafika palepale, akavuta. Akaniambia nirudishe. Mzee Yona alikuwa amesimama sasa, ameshika nguzo ya baraza. Mara ya tatu mama alivuta mapema kuliko zote, karibu mara tu kamba ilipotulia. Kisha akanipa simu yangu, akachukua ungo wake.

"Haikusema," akasema. "Nimeshika mwenyewe. Mwambie Eliya namwamini, kamba haikusema." Akapepeta kidogo, makapi yakaruka. "Lakini mimi ningevuta."

Hicho ndicho kitu tulichokuwa tumekitafuta mwaka mzima, na tulikipata, mbele ya Mzee Yona na masikio yake yote mawili. Nilimtazama Eliya nikaona hakuna kitu kilichopungua mabegani mwake. Alikuwa ameondolewa lawama ya watu na kuachiwa ile nyingine, ambayo haina kikao wala shahidi. Nilimchukia yule mama dakika ile. Leo nina watoto wangu, na simchukii tena, ingawa kumsamehe nako sijafika.

Asubuhi yake Eliya alikwenda kwa mwenye duara kuomba kazi. Wakampa ya kamba, akaikataa, akaomba ashuke. Nilikuwa nangoja gari la kurudi mjini, nikapanda pamoja nao mpaka mdomoni, nikakaa juu ya rundo la mawe nikamwona akijifunga kiunoni na kuzama kidogo kidogo mpaka kofia ikapotea. Hakuniangalia. Baadaye kidogo nikaona watu wakigeuka. Mama Manase alikuwa anapanda kilima peke yake. Pale wanaume hawapendi mwanamke asogelee mdomo wa duara, na mwenye duara akaanza kunung'unika, lakini hakuna aliyethubutu kumzuia. Akapita katikati yao, akakaa chini karibu na mshika kamba, akaweka kiganja chake juu ya kamba.

Kamba ilitulia. Ilikuwa imetulia muda mfupi tu, kama inavyotulia kila siku mtu anapoanza kazi.

"Vuteni," mama akasema.

Mshika kamba akamtazama. "Mama, hajaomba."

"Nimesema vuteni."

Wakatazamana, kisha wakavuta, polepole, wakiogopa kumuumiza. Eliya akatokea mwangani na nyundo mkononi, vumbi usoni, mzima, bado hajavunja hata jiwe moja. Akawaangalia wale wanaume, kisha akamwona. Mama yake alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni. Eliya akapangusa macho, akakaza kamba kiunoni, akashuka tena.